Sauti Zetu, Spika Zake

Karatasi ya makato ya Jumapili ile ilikuwa na mistari tisa. Tulikuwa tumepiga tangu saa tisa alasiri mpaka saa moja jioni, na ukumbi ulikuwa umefurika hadi watu wanakalia makreti ya soda yaliyopinduliwa. Mpiga gitaa letu la solo, mzee aliyestaafu ukarani wa posta na ambaye sote tunamwita Karani, ndiye aliyevaa miwani akaisoma kwa sauti.

"Kukodi spika. Umeme. Maji ya wanamuziki, chupa kumi na moja. Mlinzi wa vyombo. Kufagia jukwaa. Kiti kimoja, mguu."

"Mguu wa nani?" akauliza Nyundo, mpiga ngoma wetu.

"Wa kiti. Tumekatwa hela ya mguu wa kiti."

"Nani kauvunja?"

"Mteja, alikuwa anacheza. Hapa pameandikwa: umevunjika kwa sababu ya muziki."

Nyundo alicheka mpaka akashika ukuta. Siku za kazi yeye ni seremala, na alisema afadhali angeutengeneza huo mguu mwenyewe, angelipwa vizuri kuliko kupiga ngoma kwa saa nne. Mimi sikucheka. Kilichobaki chini ya karatasi ile, tukigawana watu watano, kilitosha nauli na mkate. Na bado mwenye kigari cha mizigo alikuwa nje anapiga honi, anataka chake.

Mimi napiga gitaa la besi na ndiye ninayeiongoza bendi. Watu huniita Dada Besi. Katikati ya wiki nashona mapazia sebuleni kwangu, na sebule hiyo hiyo ndiyo tulikuwa tunafanyia mazoezi, vitambaa vikiwa vimerundikwa juu ya spika. Mwimbaji wetu ni msusi mwenye saluni ya viti viwili, mwanamke anayeongea toka asubuhi hadi jioni bila kumeza mate, ndiyo maana akaitwa Chiriku. Wa tano alikuwa mpiga kinanda, shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa tumbo moja. Huyo hakuwa na kazi nyingine. Kiwanda kilimpunguza miaka miwili nyuma, na tangu hapo alikuwa akitegemea kinanda peke yake. Nalisema hili mapema ili baadaye nisije nikaonekana namwonea.

Mwenye ukumbi ana jina lake, lakini sisi tulimwita Makato.

Jumanne asubuhi nilimfuata ofisini. Ofisi yenyewe ilikuwa nyuma ya jiko, chumba chembamba chenye friji mbili na meza moja, kinanuka mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi. Alikuwa anamenya chungwa.

"Karibu, Dada Besi. Kaa. Hapana, usikae hicho, kibovu."

"Ndicho kile kilichovunjwa na muziki?"

Akacheka. Makato alikuwa mtu wa kucheka, na hilo ndilo lililokuwa likiniudhi zaidi. Mtu akikutukana unajua pa kuanzia. Mtu akikuchekea unabaki umeshika hasira mkononi hujui uiweke wapi.

"Bosi," nikamwambia, "tunataka malipo ya kueleweka. Kiasi kimoja kila Jumapili, watu wajae wasijae. Na haya mambo ya miguu ya viti yaishe."

"Dada yangu, mimi nauza vinywaji na nyama. Muziki kwangu ni kama maua ya mezani. Yakiwepo, vizuri. Yasipokuwepo, watu watakula tu."

"Basi Jumapili hii hatuji. Uwahesabu watakaokula."

Hapo akaacha kumenya. Akanitazama kidogo, kisha akakata chungwa akanipa nusu.

"Hasira za nini asubuhi yote hii? Sikiliza nikwambie. Tatizo lenu si mimi. Tatizo lenu hamjulikani. Mngekuwa mnajulikana, leo wewe ndiye ungekuwa unanipangia bei." Akasogeza kiti. "Mimi nitawasaidia. Tuwarekodi, Jumapili nne mfululizo, rekodi safi. Kila chombo na waya wake, kila sauti na waya wake. Nitaisambaza mtandaoni, mtaitwa kwenye hafla kubwa kubwa. Zikiisha hizo nne, tunakaa hapa hapa, tunaandikiana mkataba. Kiasi kimoja, bila makato. Unasemaje?"

Nilitoka pale nimejaa furaha. Nakiri. Nilikwenda kugombana, nikarudi nimeshika nusu chungwa.

Shemeji ndiye aliyefunga zile nyaya, maana kati yetu yeye ndiye anayeelewana na kompyuta. Jumapili nne tulipiga kama watu wanaodaiwa roho zao. Chiriku alifika mahali akavua viatu. Karani, ambaye kwa kawaida hukaa kwenye kiti chake kama anangoja barua, alisimama wimbo mzima. Na karatasi za makato ziliendelea kuja vilevile, lakini mimi nikawa nawaambia wenzangu, "Vumilieni, zimebaki mbili. Vumilieni, imebaki moja." Mimi ndiye niliyesema maneno hayo. Usiku nikiyakumbuka hadi leo najigeuza upande wa pili.

Jumapili ya nne ilipopita, Makato akapiga simu. Anabadilisha paa, akasema, kwa hiyo tusimame wiki tatu hivi, atatuita. Shemeji naye akaacha kuja mazoezini. Mara ana mafua, mara ana safari. Nikaona sawa, kila mtu ana mambo yake.

Jumatatu moja nilipeleka pazia la mlango wa saluni ya Chiriku. Nilikuwa juu ya kigoda nalitundika, na yeye alikuwa amemkalisha mteja, mama mmoja mnene mcheshi, anamsuka huku anamsimulia habari za nusu ya mtaa. Yule mama akamkatiza.

"Lakini wewe jana ulituweza. Ule wimbo wa kabla ya mapumziko! Mimi nilijimwagia soda."

"Jana wapi?" akauliza Chiriku.

"Si pale ukumbini. Ila siku hizi mbona hutokei mbele? Tunasikia sauti tu, tunamwona kijana wa kinanda peke yake. Katutangazia kwamba umeteguka mguu, unaimba umekaa nyuma ya pazia. Nikasema masikini, mguu umeteguka na bado anaimba vile!"

Nimemjua Chiriku miaka kumi na moja na sikuwahi kumsikia akinyamaza. Siku ile alinyamaza. Mkono wenye kitana ulibaki hewani. Kisha akatazama miguu yake, mmoja, halafu wa pili, kama anayetaka kuhakikisha.

"Kijana wa kinanda," nikasema pale juu ya kigoda.

"Eeh, yule mrefu," akajibu yule mama. "Ana adabu sana."

Sikumaliza kulitundika pazia. Nilikwenda moja kwa moja kwa mdogo wangu. Wanaishi vyumba viwili nyuma ya ghala la saruji, na nilimkuta uani anasuuza nguo. Aliponiona hakusimama kunilaki kama kawaida yake. Nikajua anajua.

"Yuko wapi mumeo?"

"Ametoka. Kaa kwanza, dada."

"Sikai. Jana alikuwa wapi?"

Akakamua shati, akalikung'uta, akalianika. Alipogeuka macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa imenyooka.

"Anapewa malipo ya watu wawili, peke yake, bila kukatwa. Tulikuwa tunadaiwa kodi ya miezi mitatu, dada. Mwenye nyumba alishaleta kufuli. Ulitaka nikwambie nini?"

"Ungeniambia hilo hilo."

"Halafu? Ungenipa nini? Wewe una cherehani. Nyundo ana karakana. Chiriku ana saluni, mzee ana pensheni yake. Sisi tuna nini? Tuna hicho kinanda tu."

"Mna kinanda na sauti ya Chiriku. Mna kinanda na vidole vyangu."

"Vidole vyako unavyo hapo, mbona naviona."

Nilimjibu neno ambalo dada hapaswi kumwambia mdogo wake, na sitalirudia hapa. Nikaondoka nikaacha lango wazi. Kibaya zaidi ni kwamba sehemu moja ya hasira yangu ilikuwa inajua ile habari ya kufuli ni kweli. Makato aliijua pia. Katika watu watano alimchagua yule mmoja asiyeweza kusema hapana. Hapo ndipo nilipoacha kumcheka kwa majina ya utani, nikaanza kumchukia.

Jumapili iliyofuata tulikwenda wanne. Mlinzi wa mlangoni, ambaye tumeshirikiana naye chai mara ngapi sijui, alitazama chini.

"Dada Besi, samahani. Kiingilio."

"Sisi ndio bendi."

"Nimeambiwa kila mtu."

Tukalipa. Karani alitoa noti yake akaikunjua taratibu, akasema kwa maisha yake yote hajawahi kulipa ili ajisikilize.

Paa lilikuwa lile lile, na tundu lile lile juu ya kaunta. Watu walikuwa wamejaa, wanacheza. Na mimi nikasikia besi yangu. Sijui nilieleze vipi jambo hili kwa mtu asiyepiga chombo. Katika wimbo wetu wa tatu kuna mahali huwa nachelewa kidogo, kosa dogo, nimelikemea miaka mingi halisikii. Basi kosa langu lilikuwa mle mle. Mamia ya miguu ilikuwa inaruka juu ya kosa langu, na mimi nimesimama kando ya meza ya sahani chafu nimelipa kiingilio.

Shemeji alikuwa juu ya jukwaa, shati jeupe, miwani ya jua. Alipotuona mikono yake ilisimama. Kinanda kikaendelea kulia. Hata chake mwenyewe alikuwa hapigi! Alikuwa anagusa tu, na kompyuta iko pembeni inafanya kazi yote.

Chiriku hakungoja. Alipanda, akamnyang'anya maiki, akaanza: "Jamani, mimi sikuteguka mguu. Hiyo sauti mnayoisikia ni yangu, na mimi niko nyumbani silipwi hata..." Maiki ikazimwa. Akaendelea kwa koo lake mwenyewe, lakini ashindane vipi na spika nne, tena zinazoimba kwa sauti yake? Sauti yake ilikuwa inafunikwa na sauti yake mwenyewe. Watu wakadhani ni sehemu ya onyesho. Wakashangilia. "Imba! Imba!" Mwanamume mmoja akasogea akicheza, akambandika noti kwenye paji la uso. Chiriku aliibandua, akaitazama, akalia. Wakashangilia zaidi.

Makato akaja mbio, mara hii hacheki. Akaamuru kompyuta izimwe, ukumbi ukawa kimya.

"Shukeni kwenye jukwaa langu. Sasa hivi."

"La nani?" akauliza Nyundo.

Niseme hapa jambo ambalo wateja hawakulijua. Mwaka mmoja nyuma tulikuwa tunapigia chini, kwenye saruji, na mvua ikinyesha maji yanapita katikati ya nyaya. Nyundo ndiye aliyenunua mbao, akatengeneza jukwaa kwa siku tatu kwa mikono yake. Makato alimwambia hela ya mbao aje achukue mwisho wa mwezi. Alikwenda mwisho wa mwezi. Akaenda na mwisho wa mwezi uliofuata. Hadi akachoka.

Sasa Nyundo hatembei bila mfuko wake wa zana, na siku ile alikuwa ametoka kufunga mlango wa mtu. Akapiga goti, akachomeka mtaimbo mdogo chini ya ubao wa kwanza, akaugonga kwa nyundo, akaung'oa. Mlio wa msumari unaong'oka kwenye mbao ngumu, katika ukumbi wenye watu mia mbili waliokaa kimya, ni mlio mmoja mtamu sana. Akang'oa wa pili. Akaupanga juu ya wa kwanza, sawasawa, kama yuko karakanani.

"Unafanya nini wewe?"

"Nachukua mbao zangu."

"Mlinzi!"

Mlinzi alikuja, akamtazama Nyundo, akaitazama na nyundo yenyewe, akasema yeye aliajiriwa kwa ajili ya mlango. Karani akavua kofia, akainama, akaanza kuokota misumari mmoja mmoja. "Mali ya mtu isipotee," akasema. Chiriku akashuka. Mimi nikashika upande mmoja wa mbao tukawa tunazitoa nje, na wateja wakatupisha, wengine wakaokota na wao. Shemeji alikuwa amekumbatia kinanda, anarudi nyuma kila ubao ukitoka, hadi akabaki amesimama kwenye mbao tatu za mwisho. Nyundo hakumwambia neno. Alikaa tu akamngoja, hadi akashuka mwenyewe.

Polisi walifika tulipokuwa tumebakiza miguu ya jukwaa.

Afande wa zamu kituoni alikuwa mwanamke wa makamo, mchovu, asiye na shari. Alimuuliza Nyundo risiti ya mbao. Hakuwa nayo. Akamuuliza Makato ushahidi kwamba alizilipia. Hakuwa nao pia. Akaweka kalamu chini. Kisha nikamweleza habari ya rekodi, kwamba mtu huyu anauza sauti zetu mlangoni kila Jumapili. Alinisikiliza hadi mwisho, hilo siwezi kumnyima. Akavuta fomu.

"Hapa natakiwa nijaze kitu kilichoibiwa," akasema. "Aina yake, rangi yake, thamani yake. Sauti niijaze vipi, mama?"

Hakuwa ananikejeli. Kweli alitaka kujaza na fomu haikuwa na nafasi. Nilitamani anikejeli, ningejua la kufanya.

"Walikubali wenyewe kurekodiwa," akasema Makato. "Tena bila kulazimishwa. Muulize, alikula na chungwa langu."

Tulikaa pale hadi giza likaingia. Mwisho wake ukawa hivi: Nyundo achukue mbao zake, Makato azifute rekodi mbele ya afande, na pasiwe na mtu wa kumdai mwenzake chochote. Makato akafungua kompyuta, akabonyeza kwa kidole kimoja, akatugeuzia kioo tuone patupu. Alikuwa anatabasamu tena. Tabasamu lile niliondoka nalo hadi nyumbani. Wiki hiyo nikaenda na Karani kwenye ofisi inayoshughulikia haki za wasanii, tukapanda ghorofa tatu, tukaambiwa nyimbo zetu hazijasajiliwa, tuzisajili kwanza, ada ni kwa kila wimbo, na tuje na barua ya wakili. Tuna nyimbo thelathini na mbili. Karani alimuuliza yule bwana wa dirishani kama anajua bendi hupata kiasi gani kwa Jumapili moja. Yule bwana akasema muda wa chakula umefika.

Baada ya wiki mbili mlinzi akanipigia simu kwa siri. Makato amejenga jukwaa la chuma. Mpiga kinanda ni mwingine, wa bei nafuu, anayejua kubonyeza tu. "Na Chiriku anaimba?" nikamuuliza. Akajibu kwa kunong'ona. "Anaimba, dada. Vizuri sana." Kumbe rekodi zile zilikuwa na nakala nyingine.

Kwa hiyo hata shemeji alimwaga unga. Alinunuliwa, akatumika, akatupwa, yote ndani ya miezi miwili. Sikufurahi. Watu wanadhani nilifurahi. Nilikasirika upya, nikakasirika na kwa niaba yake, na hapo hapo nikawa bado sitaki kumwona usoni.

Nyundo ndiye aliyesema tupige karakanani kwake. Ni uwanja wa mchanga na vumbi la mbao, una ukuta mfupi upande wa barabara. Jumamosi, saa tisa alasiri. Tukaweka meza mlangoni, Chiriku akakaa na sanduku la kiingilio hadi wimbo wa kwanza uanze, halafu mke wa Karani akampokea. Kiingilio kilikuwa bei ya soda mbili. Tulipiga bila kinanda, na kila wimbo ulikuwa na pengo kama mdomo uliong'olewa jino, lakini tulipiga.

Ndani waliingia watu ishirini na sita. Kwenye ukuta walikaa zaidi ya hamsini. Wamekalia ukuta, wamesimama nyuma ya ukuta, wengine wamepandana mabegani. Wanapiga makofi. Wanaimba viitikio. Bwana mmoja aliyekalia ukuta alinyoosha mkono akaagiza wimbo!

Nilisimamisha bendi. Katikati ya wimbo. Sijawahi kufanya hivyo maishani mwangu.

"Nyinyi wa ukutani," nikasema kwenye maiki, "naomba tuelewane. Huyu mzee mnayemwona amenunua nyuzi za gitaa leo asubuhi kwa hela ya dawa zake. Huyu mwimbaji ameondoa wateja wawili saluni ili aje hapa. Mimi nimekesha nashona mapazia ya watu ili nipate nauli ya hizi spika. Kinyozi wako ukimaliza kunyolewa unamlipa. Muuza maandazi unamlipa kabla hujauma. Sisi tu ndio mnatupenda bure. Tumeibiwa na mtu mmoja mwenye ukumbi, tumemkasirikia, tumempeleka polisi. Nyinyi mko hamsini, niwapeleke wapi? Mnatuambia muziki unakufa. Unakufa mmeukalia! Anayetaka wimbo uendelee, mlango ule pale. Asiyetaka, ashuke ukutani aende, nasi tutampigia aliyelipa, hata akiwa mmoja."

Nyundo akanong'ona nyuma yangu, "Umetumaliza." Nilitamani niingie ndani ya spika.

Wakaanza kuondoka. Kumi, ishirini, wanasonya, mmoja akapaza sauti kwamba tunajiona. Yule wa kuagiza wimbo aliondoka wa kwanza. Lakini wengine walizunguka, wakaja mlangoni, wakiwa wameinamisha vichwa kama waliochelewa kazini. Sikuwahesabu. Mke wa Karani anasema ni kumi na saba. Katika hao alikuwepo mdogo wangu, mtoto wake mgongoni. Alilipa, akapita mbele kabisa, akasimama. Tukaurudia wimbo kutoka mwanzo. Aliimba maneno yote na hakunitazama hata mara moja.

Jioni tulipogawana, kila mmoja alipata zaidi kidogo kuliko Jumapili yoyote ya Makato. Kidogo tu. Si hela ya kuishi. Karani alifidia dawa zake na ikabaki ya sukari. Nyundo alisema tufanye tena Jumamosi ijayo, na Chiriku akasema ijayo ukuta ule upakwe kinyesi cha kuku kwanza, ndipo tukacheka sote, hata mimi, ambaye siku ya mguu wa kiti sikucheka.

Nilipogeuka nikamkuta mdogo wangu anakunja nyaya. Ndiye aliyekuwa akizikunja siku zote, anazungusha kwenye kiwiko, safi, haziingiliani. Mtoto alikuwa amelala mgongoni.

"Yuko nyumbani," akasema bila kuuliza kama nataka kujua. "Anasema haji mpaka umwite."

"Basi atakaa sana huko nyumbani."

"Nilimwambia hivyo hivyo."

Hakunitaka radhi, na mimi sikumtaka radhi kwa neno lile nililomwambia uani kwake. Ilibaki spika kubwa, ile nzito, na Nyundo alikuwa amekwenda kumtafuta mwenye kigari.

"Shika huko," nikamwambia.

"Na mtoto mgongoni?"

"Si ulisema vidole ninavyo? Huyo mlete, nimbebe mimi."

Akanikabidhi mtoto. Nikamfunga mgongoni kwangu, tukainua spika, yeye mbele mimi nyuma, tukaanza kubishana nani anakwenda haraka.